Kabla Rangi Haijagusa Ubao



Wasomaji wetu watukufu, mwezi wa Shaabani, tulipokuwa tukisafisha nyumba kuungojea mwezi mtukufu, tuliiteremsha ukutani picha ya nyumba ya mama yetu ili tuipanguse vumbi. Kidole kikapenya. Hatukuisukuma kwa nguvu. Tuliishika kwa nyuma tu, kama mtu ashikavyo sinia, na kitambaa kikaachia mithili ya karatasi iliyolowa chai. Tulipoigeuza tukaona madoa ya kahawia yaliyofuata umbo la mchoro wenyewe. Mafuta ya rangi yalikuwa yamevuja hadi upande wa pili, na mlango wote ukajichora upya pale nyuma.

Picha hiyo aliichora binti wa kaka yetu miaka 14 iliyopita, alipokuwa amemaliza kidato cha nne na anangojea matokeo. Nyumba yenyewe haipo tena. Ilikuwa Mji wa Kale, hapa Mombasa. Ndimo alimoletwa mama akiwa bi harusi, na ndimo tulimozaliwa sote. Baba alipofariki mirathi ikagawanywa kama inavyopasa, warithi wakawa wengi, nyumba ikauzwa, na aliyeinunua akaibomoa. Hatumlaumu, mali ni yake. Lakini kilichobaki mkononi mwetu ni picha hii: mlango wa kuchonga, baraza mbili za kando, na kwa ndani, mlango ukiwa wazi, safu za vidaka ukutani na boriti za mikoko darini. Haina sura ya mtu wala ya mnyama, kwa kuwa mama hakutaka kitu cha namna hiyo katika ukuta anaouelekea akiswali.

Mama sasa ana miaka 82. Jicho moja limekwisha kufunga na la pili linaona kwa taabu. Yeye ndiye aliyesalia anayekumbuka vidaka vilikuwa vingapi, na kipi kilikaa msahafu, na kipi bakuli za kaure za shangazi yake. Binti wa kaka yetu, ambaye leo naye ni mama wa watoto wawili, alipokuja kuiona picha ile hakulia. Alikaa kitako sakafuni, akaipapasa kingo kwa ncha za vidole, kisha akasema, “Shangazi, nitaichora tena. Lakini safari hii sitaanzia kwenye rangi.”

Hicho ndicho tunachotaka kuzungumza nanyi wiki hii, kwa sababu tunajua katika nyumba zenu wapo mabinti, na akina mama pia, wanaochora majahazi, milango na khati kwa rangi za mafuta. Hatuzungumzii rangi ya mafuta ya kupaka milango. Tunakusudia zile za wachoraji, zinazouzwa katika tyubu ndogo. Wengi huzinunua kwa fedha nyingi, kisha wakazipaka juu ya kitu kisichotayarishwa.

Binti yetu alinunua marekani dukani, akaipigilia kwenye fremu, akachora siku ile ile. Marekani yenyewe haina lawama. Ni kitambaa cha pamba madhubuti, na jina lake linatukumbusha wafanyabiashara wa Salem, huko Marekani, waliokuwa wakikileta Unguja katika karne ya 19. Tatizo ni mafuta. Rangi hizi hukorogwa kwa mafuta ya mbegu za kitani, ambayo mafundi wa mbao huyaita linsidi. Mafuta haya hayakauki kama maji, kwa kupaa hewani. Hukauka kwa kuivuta hewa ndani yake, yakagandamana yakawa ngozi ngumu, na katika kugandamana huko huzaa asidi. Uzi wa pamba au wa kitani ukinywa mafuta hayo, mwaka baada ya mwaka huwa mkavu na mwepesi wa kuvunjika. Mtu huiona rangi ingali nzuri kwa mbele, kumbe nyuma hapana kinachoibeba.

Kwa hiyo kati ya kitambaa na rangi panahitajika vitu viwili. Cha kwanza ni gundi ya kuziba, nyembamba, ya kuyazuia mafuta yasifike kwenye nyuzi. Cha pili ni msingi mweupe, ambao wachoraji huuita jeso, wa kuishika rangi. Msingi ukiwa na kiu kupita kiasi huyafyonza mafuta ya rangi, na picha ikabaki imefifia kama iliyopakwa vumbi. Ukiwa laini na wenye kung’aa kama kigae, rangi hukosa pa kushika, na baadaye hubanduka vipande vipande. Mambo yote mawili tumeyaona, na la pili huja pale mtu anapochora juu ya ubao uliopakwa rangi ya milango inayong’aa. Rangi ya maji ya ukutani nayo haifai, ijapokuwa ni rahisi na imo katika kila nyumba. Zile za bei nafuu zina unga mwingi na gundi kidogo.

Mama alipotusikia tukisema habari za msingi mweupe, alicheka. “Hiyo si chokaa tu?” akauliza. Akatusimulia jinsi mawe ya matumbawe yalivyochomwa juu ya magogo, yakazimwa kwa maji, na chokaa ikaachwa ikae muda mrefu kabla ya fundi kuigusa. Na jinsi kuta za vidaka zilivyopakwa tabaka juu ya tabaka, zikasuguliwa mpaka mtu akipitisha kiganja ahisi ubaridi na ulaini tu. “Nyumba njema si mlango,” akamwambia mjukuu wake, naye mjukuu akaimalizia methali kama alivyofunzwa utotoni.

Mama hakuwa mbali na ukweli. Mtaliana mmoja, Cennino Cennini, aliandika kitabu cha ufundi wa wachoraji karibu na mwaka 1400. Humo aeleza kuwa jeso laini hutengenezwa kwa unga wa jasi uliolowekwa majini kwa mwezi mzima na kukorogwa kila siku, mpaka ukali wake wote uishe. Kisha huchanganywa na gundi na kupakwa juu ya ubao. Ila chokaa yenyewe, hasa ikiwa mbichi, msiitie mafuta juu yake. Ina ukali wa magadi, na mafuta yakikutana na ukali huo huanza kugeuka sabuni. Waliowahi kupika sabuni nyumbani wanaielewa habari hii bila ya maelezo.

Yapo pia mafunzo kutoka mji mwingine wa bahari. Venice imesimama juu ya maji, na hewa yake ina chumvi na unyevu kama ya kwetu. Picha zilizochorwa moja kwa moja juu ya lipu za kuta huko zilikuwa zikiharibika, nazo mbao pana hujikunja. Mji ulikuwa na mafundi wengi wa matanga ya meli, basi katika karne ya 16 wachoraji wake wakazidi kugeukia kitambaa. Kwengineko ubao uliendelea kutumika. Ile picha ya Leonardo da Vinci inayojulikana kama Mona Lisa imechorwa juu ya ubao wa mpopla, wenye urefu wa sentimita 77 na upana wa sentimita 53, na ina miaka zaidi ya 500. Huku kwetu, Edward Saidi Tingatinga alianza kazi yake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Yeye alichagua alichokiweza mfuko wake, na kutokana na uchaguzi huo ikazaliwa sanaa inayobeba jina lake hadi leo.

Hapa pana jambo ambalo familia nyingi zimetuuliza. Gundi ya kale ya wachoraji ni ya ngozi za wanyama, na mashuhuri kuliko zote ni ya ngozi ya sungura. Nyingine huchemshwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama mbalimbali, na pakiti mara nyingi haisemi ni mnyama gani wala alichinjwa vipi. Brashi nazo, zile ngumu zinazosifiwa kwa rangi za mafuta, kwa desturi ni za nywele za nguruwe. Hukumu ya mambo haya waulizwe wenye elimu. Safu hii haina mamlaka ya kutoa fatwa. Sisi tunasema tu kwamba haja ya kuvitumia vitu hivyo haipo tena. Brashi za nyuzi za viwandani zinapatikana, na zinafanya kazi. Gundi na jeso za akriliki zimekuwapo tangu miaka ya 1950, nazo hazitokani na mnyama.

Tena kwa pwani yetu akriliki ni bora kwa sababu nyingine. Gundi ya ngozi hunywa maji ya hewani. Unyevu wa hewa ukifikia asilimia 80 hivi, hulegea na kupoteza nguvu zake, na kitambaa kilichokuwa kimekazwa kama ngoma kikaning’inia. Hewa ikikauka hukaza tena na kuivuta rangi mpaka ipasuke. Asubuhi nyingi za Mombasa hufika kiwango hicho. Juu ya hayo ni chakula kizuri cha ukungu, na nani kati yetu asiyeujua ukungu wa masika ndani ya kabati?

Binti yetu aliamua kutumia ubao, lakini hakukitupa kitambaa. Nyumbani kwa kaka kilikuwa kimesalia kipande cha ile ile marekani ya miaka 14 iliyopita, kimekunjwa ndani ya mfuko, kisafi kabisa. Alitaka akigandishe juu ya ubao, kisha jeso iwe juu yake. Si uzushi, mafundi wa Italia walifanya hivyo hivyo, wakigandisha kitani kikuukuu juu ya mbao kabla ya kupaka jeso, ili ubao ukifanya ufa usiipasue picha.

Alichagua plaiwudi ya majini ya milimita 12, akaikatisha sentimita 60 kwa 45. MDF ni laini na haina mishipa, na wachoraji wengi huipenda, ila kingo zake zikionja maji huvimba na hazirudi. Ubao wowote mtakaouchagua, uzibeni pande zote sita: mbele, nyuma, na kingo nne. Wengi hupaka mbele tu. Upande mmoja ukiwa umezibwa na mwingine unakunywa unyevu, ubao hupinda. Tulimsaidia kuusugua kwa msasa. Wakubwa wanakumbuka kuwa zamani msasa ulikuwa ni majani ya mti wenye jina hilo, makavu na yenye kukwaruza, na seremala alikuwa na fungu lake karakanani. Tukaupangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, akapaka gundi ya akriliki mara mbili kila upande, kisha tukauacha siku 3. Mbao huwa na utomvu na rangi yake ya asili, ambayo hupanda juu na kuifanya jeso iwe manjano. Gundi hii huizuia, lakini lazima ikauke sawasawa kwanza.

Siku hizo 3 zilitupa nafasi ya kuifua marekani. Kitambaa kipya hutoka kiwandani na wanga, na wanga hukataa gundi. Kifueni kwa maji ya moto mara mbili, ili kirudi kabla ya kugandishwa na si baada yake, kisha kipigeni pasi. Binti alipaka gundi nzito juu ya ubao, akakilaza kitambaa kuanzia katikati, akisukuma hewa kuelekea kingo kwa kiganja, huku mama ameketi karibu akiuliza kila mara, “Mmefika wapi?” Kingo zilikunjwa nyuma ya ubao na kugandishwa huko. Usiku ule ubao ulilala baina ya meza na vitabu vizito, juu yake karatasi ya plastiki isije ikashikana. Asubuhi tulikuta kibofu kimoja cha hewa karibu na pembe. Akakichana kwa wembe, akatia tone la gundi, akakigandamiza.

Baada ya hapo aliziba kitambaa kwa gundi nyembamba mara mbili zaidi. Wapo wanaosema jeso ya akriliki inatosha peke yake. Huenda ikatosha ikiwa imepakwa mara nyingi. Lakini ikiwa nyembamba mafuta hupenya, na sisi tumekwisha kuona nyuma ya picha yetu palivyo. Mwenye shaka na afanye jaribio: atayarishe kipande kidogo cha kitambaa hicho hicho kwa namna ile ile, apake mafuta ya kitani mbele, na akitazame nyuma siku ya pili. Doa likionekana, aongeze tabaka.

Jeso yenyewe alipaka mara 4, nyembamba kila mara, ya kwanza kwa kulaza brashi na ya pili kwa kuisimamisha, ili michirizi ikatane kama nyuzi za ukili. Maji ya kuilainisha ni kidogo, si zaidi ya robo ya jeso; mkizidisha mnaipunguzia gundi yake, nayo ikikauka huwa unga. Kila tabaka lilikauka, likasuguliwa kwa msasa laini, likapanguswa. Upande wa nyuma nao ulipata matabaka yake. Hapa binti yetu alichoka. Kazi hii haina cha kuonyesha. Mtu hufanya kazi siku kadhaa na kitu ni kile kile, cheupe. Mtoto wake mdogo alipita akasema, “Mama, mbona huchori?” Hakujibiwa.

Wale wanaopenda kitambaa juu ya fremu, nao wana yao. Pimeni fremu kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Miti ya fremu ichongwe iinamie ndani, ili kitambaa kiguse ukingo wa nje tu, la sivyo mstari wa mti utaonekana mbele ya picha baada ya miaka. Pigeni msumari mmoja katikati ya kila upande kwanza, kisha sogeeni kuelekea pembeni kidogo kidogo, upande huu kisha ule unaoukabili, mkivuta kwa koleo. Anayeanzia pembeni hupata mikunjo isiyotoka. Misumari na iwe ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu; ya kawaida, kwa hewa yetu ya chumvi, hula kitambaa pale pale iliposhika. Na kama fremu ina nafasi za kabari kwenye pembe zake, msizigonge kabari siku ya kwanza. Zimewekwa kwa ajili ya siku kitambaa kitakapolegea.

Majira nayo yaangaliwe. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa haba, kila kitu hukauka vyema. Sisi hatukuweza kuchagua, kwa sababu jicho la mama halingoji kaskazi. Basi tukaongeza siku baina ya tabaka na tabaka.

Sasa tunasema na akina mama hasa, kwa kuwa kazi hii hufanyika majumbani. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani msivikusanye mkavikunja na kuviacha pembeni. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na joto likifungiwa ndani ya fungu la matambara huweza kuwaka moto lenyewe, bila ya kiberiti. Vitieni ndani ya kopo la bati lenye maji na kifuniko. Tapentaini nayo iwe mbali na jiko la makaa, na madirisha yawe wazi. Rangi au msingi wowote wenye risasi, ambao zamani ulisifiwa sana na wachoraji, msiingize nyumbani kwenye watoto au mwanamke mja mzito, wala msisugue kwa msasa ubao mkongwe uliopakwa rangi msiyoijua. Vumbi la risasi huharibu akili za watoto. Na mweupe wa zinki, ambao hauna sumu hiyo, msiufanye msingi wala tabaka za chini: katika mafuta huwa mgumu na mwepesi wa kuvunjika, na rangi iliyo juu yake hubanduka.

Jeso ya mwisho ilipakwa Jumatatu. Watengenezaji husema zipite siku 3 kabla ya mafuta kuigusa. Sisi, kwa unyevu huu, tumesema wiki nzima. Ubao umesimama chumbani mwa mama, umeegemea kabati, umefunikwa shuka nyepesi kwa ajili ya vumbi. Kila alasiri binti huja na daftari, akaketi chini karibu na kitanda na kuuliza. Vidaka vya juu vilikuwa 7 au 9? Mlango ulifungukia kulia? Boriti zilipakwa rangi gani? Katika picha ya kwanza alichora vidaka 7. Mama asema vilikuwa 9, na kwamba miaka yote hiyo aliiona kasoro ile akanyamaza, asimvunje moyo mtoto.

Jana aliomba apelekewe ubao. Tukauweka juu ya mapaja yake, akaondoa shuka, akapitisha kiganja polepole kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha akarudi. Karibu na pembe ya chini mkono ukasita.

“Hapa pana chembe,” akasema.

Binti yetu akainama kuangalia kwa macho yake mazima, na asione kitu. Akapapasa. Ilikuwapo. Akaenda kuuleta msasa.